Kiswahili Mezani: Lugha ya Mkahawa wa Hoteli Kubwa

Utangulizi

Watu wengi wanapotajiwa matumizi ya Kiswahili mjini Bujumbura hufikiria kwanza soko, gereji, bandari na mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Ni nadra mtu kufikiria mkahawa wa hoteli ya kitalii, wenye vitambaa vyeupe mezani, bilauri zinazong'aa na kadi ya vyakula iliyojaladiwa. Mahali kama hapo huhesabiwa kuwa pa Kifaransa na, siku hizi, pa Kiingereza. Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili kina maneno na adabu za kutosha kumhudumia mgeni wa mkahawa huo tangu anapopokewa mlangoni hadi anapolipa na kuondoka. La pili ni kwamba baadhi ya wanafunzi wetu hukwama mahali hapo kwa sababu hatujawafundisha Kiswahili cha kazi hiyo, ingawa Kiswahili chenyewe wanacho.

Kwa nini tuzungumzie hoteli?

Sisi tunaoandika kutoka Kinanira, kusini mwa mji, tuko karibu na Ziwa Tanganyika. Ukiteremka kuelekea magharibi unafika ufukweni. Kando ya ziwa hilo, hasa upande wa barabara ya kuelekea Uvira, kuna hoteli na mikahawa inayojulikana sana, kama vile Club du Lac Tanganyika na ile iliyoko ufukwe wa Saga. Wageni huja kwa mikutano, semina, biashara, harusi na mapumziko ya mwisho wa wiki.

Wageni hao wamebadilika. Burundi ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayohusu uhuru wa watu, wafanyakazi, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka mipaka, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ikajiunga. Kwa hiyo mezani sasa huketi mtu wa Kigoma, wa Dar es Salaam, wa Mombasa, wa Bukavu na wa Lubumbashi. Lugha inayoweza kuwaunganisha watu hao wote na mhudumu wao ni Kiswahili.

Upo pia upande wa wahitimu wetu. Wengi wanaosoma Kiswahili hudhani kwamba kazi ya Kiswahili ni ualimu tu. Hoteli ni mwajiri pia, hapa nyumbani na katika nchi jirani, na itifaki tuliyoitaja inafungua mlango huo. Lakini mlango ukifunguliwa na mtu hana maneno ya kuingilia, atabaki nje.

Tuliwahi kuketi katika mkahawa wa hoteli moja ya ufukweni, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Meza ya jirani walikuwapo wageni watatu wakizungumza Kiswahili cha Dar es Salaam. Mhudumu, kijana tuliyemsikia muda mfupi kabla akizungumza Kiswahili kizuri na mwenzake kwenye mlango wa jiko, aliwaendea akaanza kwa Kifaransa. Walipokosa kumwelewa, alihamia Kiingereza cha kubabaisha, nao wakamjibu kwa Kiingereza. Watu wanne wanaojua Kiswahili waliagiza samaki kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeonekana kuifurahia. Kijana yule alikuwa amezoea kwamba Kiswahili ni cha jikoni na kwamba kikivuka mlango huo kinapunguza heshima ya mahali. Ni dhana hiyo tunayopaswa kuiondoa darasani kwanza.

Safari ya mgeni na maneno yake

Tumfuate mgeni hatua kwa hatua.

1. Kuweka nafasi. Mgeni hupiga simu kuomba awekewe meza. Hapa tatizo la kwanza ni saa. Mhudumu aliyezoea kuandika daftari kwa Kifaransa anaweza kutafsiri saa 2 usiku vibaya. "Huit heures" ya jioni kwa Kiswahili ni saa mbili usiku. Akisema "saa nane", mgeni ataelewa ni mchana baada ya chakula. Jambo hili ni la ajabu kidogo, kwani Kirundi nacho huhesabu saa kuanzia mapambazuko, sawasawa na Kiswahili. Mwanafunzi anachohitaji ni kufikiria saa kwa Kirundi, asipitie Kifaransa. Tena Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Mgeni aliyevuka kutoka Kigoma asubuhi huenda bado hajabadili saa yake. Kwa hiyo mhudumu mzuri hurudia: "Saa mbili usiku, kwa saa za Bujumbura."

2. Mapokezi. Neno la kwanza ni "karibu" kwa mtu mmoja na "karibuni" kwa wengi. Warundi tunapomheshimu mtu humsemesha kwa wingi: tunasema "murakoze" hata kwa mtu mmoja, na Kifaransa kina "vous". Mwanafunzi akihamisha kanuni hiyo, humwuliza mgeni aliye peke yake "Mnataka kula nini?", naye mgeni hugeuka kutazama nani mwingine yuko nyuma yake. Katika Kiswahili sanifu heshima kwa kawaida haikai katika wingi. Hukaa katika maamkizi, katika majina ya heshima kama mzee, mama, bibi na bwana, na katika namna ya kuomba. "Shikamoo, mama. Karibu. Ungependa kukaa ndani au kando ya ziwa?" Sentensi hiyo ina umoja mtupu na heshima tele.

3. Kuandika meza. Wanafunzi hushangaa wanapokutana na usemi huu. Kitenzi "kuandika" kina maana ya kupanga vitu kwa utaratibu, na kuandika meza ni kupanga sahani, visu, uma, vijiko na bilauri mahali pake. Katika kamusi za zamani neno "mwandikaji" lilimhusu pia mtu anayeandaa meza na kupakua chakula. Siku hizi twasema mhudumu, na hatuna ugomvi na neno hilo. Lakini ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba kazi hii ilikuwa na jina lake katika Kiswahili kabla ya hoteli za kitalii kuenea. Vyombo vyenyewe vinaonyesha historia ya lugha: meza imetoka Kireno, sahani na sinia vimetoka Kiarabu. Lugha iliyopokea vyombo vya watu wengi namna hiyo haiwezi kuitwa ngeni mezani.

4. Kuagiza. Mlo wa hoteli kubwa una sehemu tatu au zaidi: chakula cha kuanzia, mlo mkuu na kitindamlo. Kwa nyakati za kula tuna kifungua kinywa au staftahi, chamcha, yaani chakula cha mchana, na chajio, yaani chakula cha jioni. Mgeni huomba: "Naomba supu ya samaki" au "Niletee maji baridi, tafadhali." Mhudumu huuliza: "Ungependa samaki wa kuchoma au wa kukaanga?" Tuwaonye wanafunzi kuhusu neno "unataka". Si kosa la sarufi, lakini mezani huonekana kavu. Nao wageni wana adabu yao: mhudumu huitwa "kaka" au "dada", haitwi kwa mluzi wala kwa kupigiwa makofi.

5. Kueleza mapishi. Hapa ndipo mhudumu hupimwa. Mgeni atauliza chakula kimepikwaje, na Kiswahili kina vitenzi vingi kwa kazi hiyo: kuchemsha, kutokosa, kukaanga, kuchoma, kubanika, kuoka, kuunga kwa nazi. Kubanika, kwa mfano, ni kuchoma samaki au nyama iliyobanwa katika mti juu ya moto. Asiyejua vitenzi hivi atajibu "imepikwa tu", na mgeni hatapata anachotaka.

Tofauti nyingine ni ya mpunga, mchele na wali. Mpunga uko shambani au haujakobolewa, mchele umekobolewa, na wali umepikwa. Kirundi kina neno moja, umuceri, kwa vyote. Ndiyo maana husikika mhudumu akisema "Tuna mchele na samaki", na mgeni wa pwani akajiuliza kama atatakiwa kwenda kupika mwenyewe.

6. Samahani na pole. Mhudumu akimwagia mgeni mchuzi, aseme nini? Wengi husema "pole". Lakini pole ni neno la kumliwaza mtu aliyepatwa na jambo, kama Warundi tusemavyo "ihangane". Aliyetenda kosa huomba radhi kwanza: "Samahani sana, mama", ambayo ni sawa na "mumbabarire", kisha ndipo aongeze pole. Mhudumu anayesema pole peke yake anazungumza kana kwamba mchuzi ulijimwaga wenyewe.

7. Malipo. Mgeni huomba bili, au ankara kama wengine wapendavyo kusema. Akilipa hupewa risiti au stakabadhi, na chenji yake ikiwapo. Akifurahi huacha bakshishi. Mhudumu humwaga kwa "Ahsante, karibu tena."

Sauti mbili zinazobadili maana

Warundi wengi hupata taabu kutofautisha l na r, kwa kuwa mfumo wa sauti wa Kirundi hautenganishi sauti hizo kama Kiswahili kinavyofanya. Sokoni jambo hili halina madhara makubwa. Katika mkahawa, ambapo maneno mawili ya msingi ni kula na mahali, lina madhara. "Umemaliza kura?" ni swali la siku ya uchaguzi. "Tumekutafutia mahari pazuri kando ya ziwa" ni habari ya posa, maana mahari hutolewa na anayeoa. Hatutaji mifano hii ili kumcheka mtu; msikilizaji mwema huelewa kwa muktadha. Tunataka kuonyesha kwamba mazoezi ya matamshi, ambayo wanafunzi huyaona ya kitoto, ni sehemu ya ujuzi wa kazi. Jozi kama kula na kura, mahali na mahari zifanyiwe mazoezi ndani ya mazungumzo ya mezani badala ya orodha ubaoni.

Samaki wa ziwa na majina yake

Mgeni anayekula kando ya Ziwa Tanganyika hutaka samaki wa ziwa hilo. Ziwa ni moja, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, na nchi nne zinazolizunguka ni Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Majina ya samaki, hata hivyo, hubadilika kila ufukwe.

Samaki ambaye Bujumbura tunamwita mukeke, Kigoma wanamwita mgebuka. Ndagala wetu ni dagaa wao. Sangala wa hapa ni wa jamii moja na sangara wa Ziwa Viktoria, lakini si samaki yuleyule. Mtu wa Mwanza akiagiza sangala ni haki yake kuelezwa hivyo. Kuhe ni wa ukoo mmoja na sato, tena ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo huo.

Mboga na vinywaji ni vivyo hivyo. Sombe ya Bujumbura na Bukavu ni kisamvu cha Tanzania. Lengalenga ni mchicha. Burusheti ni mishkaki. Maji ya marakuja ni maji ya pasheni. Hakuna jina baya hapa. Mhudumu asiache la kwetu akijiona mshamba, wala asimlazimishe mgeni kulijua. Aseme yote mawili: "Tuna mukeke, yule ambaye Kigoma huitwa mgebuka." Kwa sentensi moja mgeni amejua anachokula na amejifunza neno.

Kuna pia la kueleza pale samaki anapokosekana. Ndagala na mukeke huvuliwa sana usiku kwa taa, kwani mwanga huwavuta. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu hiyo, na samaki huwa wachache. Mhudumu anayesema "Hakuna" amekata maneno. Anayesema "Samahani, siku hizi ni mbalamwezi, wavuvi hawapati samaki wa kutosha; lakini tuna kuhe aliyeletwa leo" ametoa huduma kamili, na pengine mgeni atalikumbuka jibu hilo kuliko samaki mwenyewe.

Kadi ya vyakula

Kwa kawaida kadi ya vyakula ya hoteli zetu huandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingine kwa Kiingereza pia. Wenye hoteli huhofia kwamba jina la kienyeji litamfukuza mgeni au litashusha bei. Tutazame wenzetu.

Huko Jamaika, katika visiwa vya Karibea, hoteli za ufukweni hupokea wageni wengi kutoka Marekani, Kanada na Uingereza. Asubuhi mgeni huletewa ackee na samaki wa chumvi, chakula kinachohesabiwa kuwa cha taifa, pamoja na mboga iitwayo callaloo. Majina hayo hayakufichwa. Mgeni huyauliza, huelezwa, na akirudi kwao huyasimulia. Na hiyo callaloo ya Jamaika, ndugu msomaji, ni mchicha, yaani lengalenga yetu hii inayouzwa kwa mafungu sokoni Musaga. Kule imeketi katika kadi ya hoteli kwa jina lake. Hapa huandikwa "mboga za majani" kwa Kifaransa, kana kwamba haina jina.

Karibu zaidi nasi, mjini Zanzibar, ambako Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hoteli ya Emerson on Hurumzi imejulikana kwa chajio cha juu darini, wageni wakiketi juu ya mito na mazulia kama ilivyo desturi ya pwani. Huko Michamvi Pingwe, mkahawa wa The Rock umejengwa juu ya mwamba baharini; maji yakipwa mgeni huenda kwa miguu, yakijaa huvushwa kwa mtumbwi. Mahali hapo si pa bei rahisi, na desturi na mazingira ya wenyeji hayakupunguza thamani yake. Ndiyo yanayowaleta wageni.

Kadi ya hoteli ya Bujumbura ingeweza kuandikwa kwa mfano huu:

Mukeke wa kuchoma: samaki mzima wa Ziwa Tanganyika, amechomwa juu ya makaa, huletwa na ndizi za kukaanga na kachumbari.

Ndagala wa kukaanga: dagaa wa ziwa, wakavu, kwa ugali wa muhogo na pilipili.

Sombe: majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese; huliwa kwa wali au ugali.

Lengalenga: mchicha ulioungwa kwa vitunguu na nyanya.

Msomaji ataona kwamba kila chakula kina jina lake kwanza, kisha maelezo mafupi. Tafsiri ya Kifaransa na ya Kiingereza inaweza kufuata chini. Hatupendekezi lugha hizo ziondolewe, kwani wapo wageni wanaozihitaji. Tunapendekeza Kiswahili kiwe nacho juu ya meza.

Hitimisho

Kwa ufupi, mkahawa wa hoteli kubwa ni mahali ambapo lugha ni sehemu ya chakula kinacholipiwa. Kutokana na tuliyoyaeleza, tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, somo la Kiswahili cha huduma za hoteli liingizwe katika mafunzo ya idara yetu, hata kama ni kwa saa chache kwa muhula, na lifundishwe kwa maigizo: mwanafunzi mmoja awe mgeni wa Mombasa, mwingine wa Uvira, wa tatu mhudumu.

Pili, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakusanye msamiati wa samaki, mboga na mapishi kutoka kwa wavuvi, wapishi na wauzaji wa mjini, na kuulinganisha na wa Kigoma na Uvira. Kazi hiyo inafaa kabisa kuwa tasnifu.

Tatu, idara ijitolee kuwaandikia wenye hoteli kadi za vyakula kwa Kiswahili fasaha. Wakikubali wawili watatu, wengine watafuata, na kazi hiyo itawapa wanafunzi wetu pa kuonyesha ujuzi wao kabla hawajaomba ajira.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwezi Novemba 2021, tumezoea kuiadhimisha kwa hotuba na mashairi. Tunawaalika walimu na wanafunzi wenzetu waiongezee jambo moja: siku hiyo, atakayekwenda kula kando ya ziwa amsalimie mhudumu kwa Kiswahili, aagize mukeke kwa jina lake, na asikilize atajibiwa kwa lugha gani.